Mama Keki Ananunua Kamera

Mtaani wanamwita Mama Keki, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Kwa miaka kumi na minne hakuna arusi wala sherehe ya mtoto kumaliza shule katika mitaa ile mitatu iliyopita bila keki kutoka kwenye oveni yake. Jina lilikuwa la haki. Albamu ndiyo haikuwa ya haki.

Albamu yenyewe ilikuwa na jalada la kijani na kurasa za plastiki, na ndani yake mlikuwa na picha kumi na mbili za keki. Za ghorofa tatu, za ghorofa tano, na moja ina ngazi pande mbili na chemchemi ya maji katikati. Mteja akija, Mama Keki humkalisha sebuleni, humfungulia albamu magotini, kisha hukaa pembeni na kumwacha mtu atamani. Hakuwahi hata siku moja kusema "hizi nimeoka mimi." Alikuwa akisema "chagua uipendayo," na yaliyobaki mtu alijimalizia mwenyewe kichwani. Hivyo ndivyo alivyokuwa akijitetea moyoni, na moyo nao ulikuwa ukimkubalia kwa sababu ulikuwa wake.

Kati ya picha zile kumi na mbili, yake haikuwamo hata moja.

Ilianza na picha moja tu. Mchapishaji picha wa sokoni alikuwa na kapu la picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Siku moja Mama Keki akaona keki humo, akaiomba, akapewa. Mwezi uliofuata akaomba nyingine. Mtu wa simu ya vibonye, simu ya kupiga na kupokea basi, angefanya nini? Wateja walikuwa wakimwahidi, "Nitakuchapishia picha, Mama Keki, nitakuletea mwenyewe," halafu kimya, anakutana nao dukani wanamuuliza habari za watoto. Seremala huonyesha kiti alichokitengeneza mwaka juzi. Kazi yake yeye ilikuwa ikiliwa, na kufikia asubuhi hata sahani zimeshaoshwa.

Jumatatu moja akaja mshonaji. Si mshonaji wa nguo za kuvaa, bali wa mapazia na vitambaa vya meza, mama mtu mzima mwenye miwani na maneno machache. Binti yake alikuwa anaolewa, wageni mia mbili. Mama Keki alimkaribisha kwa chai, akamwekea albamu magotini, akakaa pembeni kama kawaida yake. Mshonaji akafunua, akafunua, akafika ukurasa wa saba, akasimama. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya nguo, akaivaa tena.

"Kitambaa hiki," akasema.

"Hiyo ya ghorofa tatu?" Mama Keki akadakia. "Hiyo ni laini mno, ndani tunaweka..."

"Nasema kitambaa cha meza. Pindo hili nimelishona mimi. Ona hapa kwenye kona, uzi uliniishia nikamalizia na wa rangi nyingine. Hii ni arusi ya mdogo wangu."

Mama Keki akainama kutazama kona. Uzi ulikuwa wa rangi nyingine kweli. Miaka yote aliyokuwa na picha ile hakuwahi kutazama kitambaa.

"Na keki ililetwa kwa gari," mshonaji akaendelea, taratibu tu, kama anayejikumbusha. "Nilisaidia kuiteremsha. Mwokaji alikuwa mwanamume, mrefu."

Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Kelele Mama Keki anaziweza, amelelewa nazo, na ana wifi. Lakini mshonaji hakupiga kelele. Aliifunga albamu polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mgonjwa, akaiweka mezani, akachukua kikombe chake, akanywa chai yote mpaka tone la mwisho ili mwenyeji wake asijisikie vibaya. Kisha akasimama.

"Nitapita Ijumaa," akasema. "Niwekee zako humo. Hata zikiwa mbili tu, dada yangu. Nitaziangalia."

Mama Keki akamsindikiza mpaka mlangoni, uso umemshuka, masikio yanamchoma kama aliyezabwa makofi. Alirudi ndani, akachomoa picha zote kumi na mbili, akazisukuma chini ya godoro, kisha akakaa juu yake. Arusi ya watu mia mbili ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata, lakini hata hiyo haikuwa imemkaa kooni. Kilichomkaa kooni ni lile neno *zako*. Hakuwa nazo. Na Ijumaa ilikuwa siku nne mbele.

Wifi yake, yaani dada wa mumewe, alikuwa anakaa nyumba ya pili na huingia bila hodi. Mwanamke huyu anajua kila kitu, na asichokijua anakisema kwa sauti kubwa zaidi.

"Nataka kununua kamera," Mama Keki akamwambia, akiwa bado amekaa juu ya godoro.

"Kamera? Wifi, watu siku hizi wanapiga kwa simu."

"Simu inayopiga vizuri ni ghali kuliko kamera ndogo iliyotumika. Niliwahi kuulizia. Tena nikiwa na simu hiyo, utakaa nayo wewe."

"Ningependa kweli." Wifi akacheka. "Sasa kamera ya nini, ghafla hivi? Umepata mchumba?"

"Ya biashara," akajibu Mama Keki, macho yakiwa kwenye ukuta. La albamu hakulisema. Afadhali aumbuke mbele ya mtaa mzima kuliko mbele ya wifi, maana mtaa utasahau.

"Basi nitakwenda na wewe, wasije wakakulalia," wifi akasema. "Kamera ni namba. Kuna namba imeandikwa mbele, kubwa ndiyo nzuri. Ni kama unga, kilo mbili ni kilo mbili."

Mama Keki hakuwa amewahi kushika kamera maishani, ila kununua vitu alikuwa anajua. Kiatu hununui bila mguu, akawaza. Jumatano asubuhi akaoka keki ndogo ya ghorofa mbili, akaipaka krimu nyeupe, akaizungushia maua ya waridi kumi na sita, akaiweka kwenye boksi, akaibeba mikononi mpaka dukani.

Duka lilikuwa ndani ya ujia mwembamba, kati ya mchonga funguo na mtu wa kutoa fotokopi. Kabati moja la kioo, meza moja, televisheni ndogo juu ya rafu, na nyuma ya meza mwanamume wa makamo anayetengeneza kamera na kuuza zilizotumika. Kwa vile alikuwa akizifungua matumbo na kuzirudisha zikiwa hai, kila mtu pale ujiani alimwita Daktari.

"Karibuni, mama zangu. Nani ana siku ya kuzaliwa?" akauliza alipoona boksi.

"Hakuna," wifi akajibu. "Ameleta keki ya kujaribia kamera."

Daktari akamtazama Mama Keki, akaitazama keki, na kwa staha yake hakucheka. Mchonga funguo alicheka kwa niaba yake, kutoka mlango wa pili.

"Wengi hununua kwa kutazama rangi," Daktari akasema, akisafisha nafasi mezani. "Wewe umekuja na kazi yako. Weka hapa. Unataka kutumia kiasi gani?"

Mama Keki akataja kwa sauti ya chini. Wifi akarudia kwa sauti ya juu ili asikike vizuri. Daktari akatoa kamera tatu.

Ya kwanza ilikuwa nyekundu, mpya, inang'aa kama kucha iliyopakwa rangi, na mbele ina namba kubwa. Wifi akamgusa Mama Keki kwa kiwiko. Ya pili ilikuwa ya rangi ya fedha, imetumika, ina mkwaruzo ubavuni na namba yake nusu ya ile. Ya tatu ilikuwa nyepesi mno. Daktari mwenyewe aliirudisha kabatini baada ya picha moja: keki ilitoka kama kitu kilichoonekana kupitia dirisha lenye mvua.

Akapiga kwa ile nyekundu, akaunganisha waya kwenye televisheni, na hapo Mama Keki akashika kifua. Keki ilikuwa imejaa skrini, nyeupe kama maziwa, laini, maua yanaelea. Ungedhani imekatwa kutoka kwenye kalenda. Ungedhani imetoka kwenye ile albamu.

"Ile ni yangu?" akauliza.

"Ni yako, ila imesaidiwa kidogo," Daktari akasema. "Kamera hii imetengenezewa nyuso. Ikiona kitu cha mviringo inadhani ni uso wa mtu, basi inakilainisha, inafuta mikunjo. Ndiyo maana vijana wanaipenda."

"Sasa hiyo ndiyo kamera," wifi akasema. "Tufungie."

"Ngoja aione na hii." Daktari akaichukua ile ya fedha, akazungusha kitufe chake mpaka kwenye alama ndogo ya ua. "Hii alama ni ya vitu vya karibu. Na namba ile, dada yangu, inakwambia ukubwa wa picha tu. Haikwambii lenzi ni safi au ni takataka." Akaweka vitabu viwili mezani, akailaza kamera juu yake, akabonyeza.

Keki ya pili ikatokea kwenye televisheni. Hii haikusaidiwa na mtu. Kulikuwa na alama ya kidole gumba kwenye krimu, chini kulia, wazi kama ya mtu aliyetia dole kwenye karatasi ya serikali. Kulikuwa na chembe za keki zilizoburutwa na kisu. Na ghorofa ya juu ilikuwa imeegemea upande wa kushoto kama mtu aliyesinzia kwenye benchi.

"Umeiweka kamera mshazari," Mama Keki akasema.

"Tazama ukingo wa meza kwenye picha, mama. Umenyooka."

Akatazama. Ukingo ulikuwa umenyooka. Akageuka akaitazama keki yenyewe, akaona ni nzima, akainama mpaka macho yakawa sawa na meza, na hapo akaiona. Miaka kumi na minne alikuwa amezitazama keki zake akiwa amesimama, kutoka juu, mikono kiunoni. Hakuwahi kupiga magoti mbele ya keki.

"Imeinama kwa ajili ya kubebwa," akasema. "Njiani pana mashimo."

Wifi akakohoa. Mwanamke huyu hajui kukohoa bila sababu.

"Sema," Mama Keki akamwambia.

"Si kitu."

"Wifi, sema."

"Sasa si huwa zinainama?" wifi akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ikawa ndogo. "Zote. Ni tamu, hakuna anayebisha. Ukumbini tukishaiweka tunaigeuza tu, upande ulioshuka unatazama ukutani. Hata mama wa ukumbi anajua, akiona boksi lako anasogeza meza karibu na ukuta kabla hatujamwambia."

"Tangu lini?"

"Tangu ile ya kwanza."

Mama Keki akakaa kwenye kiti ambacho hakuonyeshwa. Akili yake ilikwenda kwa wateja wote waliomwahidi picha, mmoja mmoja, na habari za watoto walizomuuliza dukani badala yake. Kumbe hawakusahau. Picha walikuwa nazo. Walikuwa wakimwonea haya kumletea. Yeye akidhani ni wavivu, akawasema kwa watu kwamba hawana ahadi, kumbe mtaa mzima ulikuwa ukimbebea aibu yake kwa zamu kama wanaobeba mgonjwa. Na yeye, badala ya picha zao, akaokota za mwanamume mrefu asiyemjua.

Daktari akajitia anatafuta kitu kwenye droo. Ni mtu mwenye adabu.

"Naichukua hii nyekundu," Mama Keki akasema.

Ndiyo, alisema hivyo. Angependa isimuliwe kwamba aliona mwanga palepale, lakini hakuona mwanga wowote. Aliona Ijumaa, akaona mshonaji na miwani yake, akataka kamera itakayomfutia mikunjo.

Daktari akampigia hesabu. Kamera peke yake ilimaliza kila kitu. Kadi ya kuhifadhia picha ilikuwa mbali, chaja mbali. Mama Keki akabembeleza. Akasema atamletea keki kila mwezi. Akasema yeye ni mjane, na mumewe wakati huo alikuwa mzima, anajenga ukuta mtaa wa pili, na dada wa mume huyo amesimama pale pale anasikiliza.

"Wifi," wifi akasema, "umemuua kaka yangu kwa ajili ya kamera?"

Mchonga funguo alilazimika kuweka tupa chini.

"Hii ya fedha," Daktari akasema, akikwepa macho yake, "nakupa pamoja na chaja na kadi, na betri ninayoifahamu. Nimeitengeneza mwenyewe. Ikikusumbua, niletee. Lakini nyekundu siwezi, mama, nitakula hasara mwenyewe."

Kwa hiyo akanunua ya fedha. Alitaka ya uongo, fedha zikamtosha ya ukweli tu. Wakarudi nyumbani, wifi amebeba keki, na kwa kila aliyeitazama, Mama Keki alikuwa akijiuliza anaitazama upande gani.

Mume wake alipoingia jioni, vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi, alimkuta mkewe amepiga magoti jikoni anaitazama oveni kwa ubavu.

"Baba," akamwambia, "leta pimamaji yako."

Mwashi akaitoa pimamaji kwenye mfuko wa zana, akailaza juu ya oveni. Povu la hewa ndani yake likakimbilia upande mmoja, likakaa huko.

"Sakafu imeshuka kuelekea mlangoni," akasema, kwa fahari kidogo. "Niliimwaga mwenyewe. Sakafu ya jikoni lazima imwage maji, la sivyo utaosha vyombo ndani ya bwawa."

"Ulijua?"

"Sakafu nilijua. Keki nitajuaje? Mimi huletewa kipande."

Mwanamume amelala naye miaka ishirini na miwili, pimamaji ikiwa chini ya kitanda, na hakuna kati yao aliyewahi kuileta jikoni. Mume akakata vipande viwili vya kigae, akavichomeka chini ya miguu ya oveni, akapima, akaongeza cha tatu. Povu likatulia katikati.

Alhamisi alioka mpaka unga ukaisha. Keki ya kwanza ikatoka imenyooka lakini imepasuka juu, maana oveni iliyokaa sawa ilikuwa na moto mwingine asioufahamu. Ya pili ikatoka nzuri. Ya tatu ikatoka nzuri ila akaiachia alama ya kidole gumba kama desturi, akaiona kwenye kamera, akaifuta, akapiga tena. Jua lilipokuwa bado juu alikwenda kwa mchapishaji picha. Aliomba zichapishwe tano: zile tatu, moja ya keki ya nne ndogo ya kikombe, na ile iliyoinama ya dukani. Hiyo ya mwisho aliiomba akiwa ametazama pembeni. Kapu lilikuwa bado pale chini ya meza, limejaa. Hakuliangalia.

Ijumaa mshonaji akaja kama alivyosema. Mama Keki akamkalisha. Akampa albamu. Kurasa tano zilikuwa na picha, saba zilikuwa tupu.

Mshonaji akaanza na ya kwanza. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Hii imeinama," akasema.

"Imeinama." Mama Keki alikuwa amesimama, ameshika mgongo wa kiti. "Hiyo ndiyo keki yangu. Hivyo ndivyo zilivyokuwa zote, miaka kumi na minne. Watu wakizigeuza ukutani kunistahi, nami sikujua. Na zile picha za Jumatatu hakuna hata moja niliyoioka. Niliziokota kwa mchapishaji."

Mlangoni pakasikika mtu akivuta pumzi. Wifi alikuwa ameingia bila hodi. Mama Keki hakugeuka, lakini shingo yake yote ikapata moto. Basi naye amejua.

"Na hizi nyingine?" mshonaji akauliza.

"Za jana."

"Kwa hiyo zilizonyooka umeoka ngapi?"

"Tatu. Na hiyo ndogo."

Mshonaji akafunua mpaka kurasa tupu, akarudi nyuma, akaisogeza picha ya tatu karibu na miwani. Wala hakuharakisha.

"Sitakudanganya, dada yangu," akasema mwishowe. "Arusi ya mwanangu siwezi kuiweka kwenye keki ya tano. Jana nimeshazungumza na mwokaji mwingine."

"Hata mimi nisingeiweka," akasema Mama Keki. Arusi ya watu mia mbili ikatoka mlangoni, akaiacha iende.

"Lakini Jumapili wakwe zangu wanakuja kwangu. Watu kumi. Unaweza ya watu kumi?"

"Naweza. Nitakufanyia bei ya..."

"Bei ni bei yako. Usinipunguzie kwa sababu umeona haya. Mimi nalipa keki."

Wakakubaliana rangi, wakakubaliana saa. Mshonaji alikuwa ameshavaa viatu mlangoni Mama Keki alipomshika mkono, jambo ambalo hakulikusudia.

"Nikuombe kitu. Ukiikuta imeinama, usiigeuze. Niite nije niione ilivyo."

"Mbele ya wakwe?"

"Mbele yao."

Mshonaji akamtazama, akatikisa kichwa kukubali, akaondoka. Mama Keki akabaki mlangoni. Hakutaka kugeuka mara moja, maana nyuma yake alikuwamo wifi.

"Chai ipo?" wifi akauliza hatimaye.

"Ipo."

"Basi kaa. Nitamimina mimi."